Je, Wajua? Kura, Kodi na Mabati ya Eastlands

Je, wajua kwamba ukipanda matatu Muthurwa na kushukia Donholm, umekatiza karibu miaka mia moja ya mvutano kati ya serikali na mfuko wa mfanyakazi? Hakuna mtaa wa Eastlands, upande huo wa mashariki mwa Nairobi, uliojijenga wenyewe. Kila mmoja ulitoka kwa kiongozi aliyeingiwa na hofu, au kwa karani aliyepiga hesabu, na mara nyingi hofu na hesabu zilikaa meza moja. Makanga ameshagonga bodi, twende.

Je, wajua kwamba Jogoo Road haikuzaliwa na jina hilo? Ilikuwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la mlowezi Mzungu lililokuwa upande huo. Baada ya uhuru ikapewa jogoo, ndege ambaye kwa bahati njema ndiye aliyekuwa nembo ya chama cha KANU. Jina la shamba halikufa. Lilipunguzwa herufi moja likawa mtaa wa Donholm.

Je, wajua kwamba Pumwani ndiyo iliyokuwa makao ya kwanza rasmi ya Waafrika jijini Nairobi, yaliyoanzishwa kati ya 1919 na 1921? Kabla yake watu waliishi katika vijiji walivyojiundia: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Manispaa ilitaka wafanyakazi wakae karibu na kazi ila mbali na macho. Ikatenga viwanja na kuwaambia watu wajijengee.

Wakajenga kwa mtindo wa pwani. Kuta za miti na udongo, ukumbi katikati kama korido, vyumba pande zote mbili, paa la madebe yaliyokatwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja, vilivyobaki akapangisha. Na sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, wengine wakiwa wamejipatia mtaji kwa kuuza pombe, chakula na hata miili yao kwa wanaume walioacha wake zao mashambani. Serikali iliyodhani mji ni wa wanaume peke yao ndiyo iliyozalisha wanawake wa Kiafrika wenye kumiliki nyumba Nairobi. Haikukusudia.

Je, wajua kwamba manispaa ilikuwa muuza pombe? Ilipiga marufuku wananchi kutengeneza pombe ya kienyeji, kisha ikafungua kilabu chake Pumwani na kujipa ukiritimba. Faida iliingia katika hazina ya huduma za Waafrika. Yaani mlevi wa Pumwani ndiye aliyelipia maendeleo ya Pumwani, naye alikamatwa akijipikia nyumbani.

Je, wajua kwamba Kariokor ni kumbukumbu ya wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia? Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta kodi imepanda, kipande cha utambulisho shingoni na, ilipofika 1921, waajiri walowezi wameafikiana kukata mishahara kwa thuluthi moja.

Mshahara huo ndio uliozaa siasa za kisasa za Nairobi. Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi za Hazina, aliunganisha malalamiko matatu, ya ujira, kodi na kipande, akajaza mikutano. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni zaidi.

Je, wajua kwamba mwajiri alimlipa Mwafrika kana kwamba hana mke wala mtoto? Ndiyo sera yenyewe. Mshahara ulikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja, na nyumba ilikadiriwa vivyo hivyo: si chumba, bali nafasi ya kitanda. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani wakijilimia, jambo lililomaanisha kwamba jembe la mwanamke wa Nyeri, Siaya au Machakos ndilo lililokuwa likilipia sehemu ya mshahara wa kiwandani. Uchumi wa kikoloni ulijua kubana matumizi, tena kwa jasho la wengine.

Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo. Waliokuwa wenye nyumba wakageuka wapangaji wa manispaa. Kwa mpangaji mabadiliko ni ya mlango. Kwa mwenye nyumba ni kupoteza kila kitu, na watu wa aina hiyo ndio hujaa kwenye mikutano ya siasa.

Je, wajua kwamba ukumbi wa Kaloleni uliitwa Bunge, miaka mingi kabla ya Waafrika kuwa na bunge lao? Kaloleni yenyewe ilijengwa miaka ya 1940, mafundi wakiwemo mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili. Ilikuwa nzuri kuliko yote iliyotangulia: nyumba za mawe zenye vigae, viwanja vya nyasi, shule, zahanati, na ukumbi katikati. Wakoloni walidhani wakimpa mfanyakazi mahali pa kukaa vizuri jioni atacheza muziki na kusahau mshahara. Alicheza muziki, ndiyo. Kisha akakaa chini, akaujadili mshahara.

Aprili 23, 1950, katika ukumbi huohuo, Makhan Singh, Mkenya wa asili ya Kihindi na katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa 1949, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha Waafrika, KAU, na chama cha Wahindi akatoa hoja ya uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Si nafasi mbili zaidi katika baraza la kutunga sheria, si tume ya uchunguzi. Uhuru. Mwezi mmoja kabla, Machi 30, Nairobi ilikuwa imepewa hati ya jiji kwa shangwe kutoka kwa mfalme wa Uingereza, na vyama vya wafanyakazi vikasusia sherehe. Mei 15 Makhan Singh na Fred Kubai, rais wa shirikisho, wakakamatwa. Siku ya pili Eastlands ikalala bila kwenda kazini. Mgomo mkuu ulidumu zaidi ya wiki, jiji jipya likabaki na hati yake bila wa kulifagia.

Makhan Singh alifungiwa Kenya kaskazini hadi 1961. Jina lake halina barabara kubwa Eastlands. Nadhani hilo ni deni.

Je, wajua kwamba unaweza kusoma historia ya siasa ya Kenya kwa majina ya mitaa tu? Anza Mbotela. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa KAU na mjumbe wa baraza la jiji, mtu wa msimamo wa kati, aliyeuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa. Nenda Ofafa: Jericho, Maringo na wenzake. Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, aliuawa 1953. Serikali ya kikoloni ilisema ni wapiganaji wa Maumau, na ikayapa mitaa mipya majina ya marehemu ili mpangaji alale kila usiku chini ya jina la mtu mwaminifu kwa serikali.

Sasa vuka upande wa pili. Kuna Uhuru Estate. Kuna Harambee, wito wa Jomo Kenyatta. Kuna Umoja. Ukifika Embakasi utakutana na Nyayo, falsafa ya Moi, iliyojengwa kwa akiba za wafanyakazi zilizowekwa NSSF. Na karibu na Bahati, si mbali na Mbotela, kuna mtaa wa Kimathi. Yaani yule aliyeuawa kwa madai ya kutowaunga mkono Maumau na kiongozi wao aliyenyongwa sasa ni majirani, na takataka zao huchukuliwa na lori moja, siku likija.

Je, wajua kwamba Operesheni Anvil ilibadilisha soko la kazi kwa wiki chache? Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 walizingira Nairobi, wakaipekua Eastlands nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walipelekwa kambini Langata, kisha Manyani na Mackinnon Road. Kazi zao na vitanda vyao vikachukuliwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Mwenye karakana alipata vibarua wapya. Siasa za jiji zikapata wapiga kura wapya, na baadhi ya hesabu za kikabila tunazopigiwa kila uchaguzi zilianzia kwenye malori ya asubuhi ile.

Mwaka huohuo, 1954, tume ya Carpenter ilipendekeza mshahara wa kutosha familia. Usidhani ni huruma. Serikali ilikuwa imetambua kwamba mwanamume anayelala kitanda cha kukodi, asiye na mke karibu wala nyumba ya kupoteza, ni rahisi kula kiapo cha Maumau. Nyumba za vyumba viwili zikaanza kuinuka Eastlands wakati bunduki zingali moto.

Je, wajua kwamba mwaka 1957 Mwafrika mmoja angeweza kuwa na kura tatu? Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, sifa kama elimu, kipato, mali na utumishi serikalini zilikuongezea kura, mwisho tatu. Maskini asiye na sifa hata moja hakuwa na kitu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji pia cheti cha uaminifu. Katika mazingira hayo ndipo kijana wa miaka 26, Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi, alipochukua kiti cha Nairobi. Haki ya kupiga kura ilipopanuliwa 1961 alishinda Nairobi Mashariki kwa zaidi ya kura 31,000 dhidi ya Dk. Munyua Waiyaki aliyepata chini ya 3,000. Kadi ya chama cha wafanyakazi ilikuwa imeshinda kabila, angalau siku hiyo.

Na Mboya huyohuyo, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndiye aliyesimamia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioitwa ujamaa wa Kiafrika lakini ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza kule zitakakozaa haraka, yaani kwenye ardhi yenye rutuba na mvua. Kule kwingine kungengoja. Wengine hawakungoja, walipanda basi wakaja Nairobi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini. Ya 1979 ikahesabu 827,775. Ya 2019, 4,397,073. Eneo la Mathare peke yake lilikuwa na karibu watu 69,000 kwa kila kilomita ya mraba.

Je, wajua kwamba matatu ilihalalishwa kwa neno la rais? Kampuni ya mabasi ya KBS ilikuwa na ukiritimba tangu 1934, na baraza la jiji lenyewe lilikuwa na hisa ndani. Magari madogo ya kubeba watu yalikuwa haramu na yalikimbizana na polisi. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta akatamka kwamba yaachwe yabebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Mabasi hayakufika mitaa mipya, na wenye matatu walikuwa Waafrika wenye kura. Moi alijaribu kuleta mabasi ya serikali, Nyayo Bus, mwaka 1986. Hayakumaliza miaka kumi. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi John Michuki akawaletea wenye matatu mistari ya manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, na nauli ikaruka siku hiyohiyo. Mistari bado ipo. Mikanda, tuseme tu ipo.

Je, wajua kwamba fikra ya sekta isiyo rasmi ilienea duniani kutokana na ripoti kuhusu Kenya? Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikuja mwaka 1972 kutafuta kwa nini kuna ukosefu wa ajira, wakakuta kwamba maskini wa Nairobi wanafanya kazi kutwa nzima, ila serikali haiwahesabu na ikiwaona inawabomolea. Ripoti ikasomwa Geneva. Mafundi wa Kamukunji waliendelea kubomolewa.

Ingia pale leo. Kabla hujaona kitu utasikia: nyundo mia kwa mpigo mmoja usio na mpigo. Fundi ameketi kwenye kigoda, mapipa ya mafuta yamepasuliwa na kulazwa kama karatasi. Anakata duara kwa mkasi wa bati, anaweka ukingo juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli kuukuu, na kuuzungusha huku akigonga, mkono mmoja ukijua la kufanya bila kuangalia. Dakika chache baadaye una karai. Jirani yake anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na msimu wa Januari foleni ya wazazi hufika barabarani. Mwingine ni jiko, mwingine ni wilbaro. Mteja akisema bei iko juu, fundi anamwonyesha jua.

Kwa miaka mingi juu ya vichwa vyao hapakuwa na paa. Novemba 1985 Rais Moi alifika Kamukunji bila kutarajiwa, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua, na vikajengwa. Mwaka uliofuata waraka wa bunge ukawataja mafundi hao kama tegemeo la ajira, na mwaka 1988 ikaundwa wizara ya kuwashughulikia. Kwa nini wakati huo? Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka baada ya neema ya miaka ya 1970, wakopeshaji wakidai serikali ipunguze wafanyakazi, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililoanzia kwa askari wa jeshi la anga, Eastleigh ikiwa mojawapo ya kambi zao, bado lilimkosesha Moi usingizi. Kijana mwenye nyundo mkononi na kivuli kichwani hana muda wa mapinduzi. Vibanda vile vilikuwa sera ya usalama yenye paa la mabati.

Na jiko la makaa lenye udongo ndani, lile unalonunua Shauri Moyo? Lilitokana na mshtuko wa bei ya mafuta ya mwaka 1979. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala ulifanyika Nairobi Agosti 1981, wataalamu wakachukua muundo wa jiko la Thailand, na mafundi wa jua kali wakaurekebisha mpaka ukakubali sufuria ya ugali. Mabalozi waliondoka na makabrasha. Mafundi walibaki na biashara.

Nyumba nazo zilikuwa na wafadhili wa nje. Buruburu ilijengwa kuanzia 1973 kwa fedha za shirika la Uingereza, CDC, awamu tano, nyumba za kununua kwa mkopo wa miaka mingi. Umoja ilitegemea mkopo uliodhaminiwa na Wamarekani. Dandora ilikuwa ya Benki ya Dunia. Vita Baridi vilipangisha nyumba Eastlands.

Je, wajua kwamba Dandora ilipewa choo kabla ya nyumba? Mradi ulioanza 1975 ulitoa viwanja 6,000, kila kimoja na maji, choo na bafu, kisha mwenye kiwanja amalizie mwenyewe kadiri apatavyo. Lengo lilikuwa maskini apate kwake. Maskini aligundua haraka kwamba chumba cha kulala hakilipi, cha kupangisha kinalipa. Leo ghorofa zimepanda juu ya vyoo vile. Hakuna aliyekosea hesabu isipokuwa wapangaji wa mradi. Katika muongo huohuo likafunguliwa jaa la taka la jiji hapohapo Dandora. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Taka bado zinaletwa.

Je, wajua kwamba kwa karibu miaka kumi, Nairobi haikuwa na madiwani? Serikali ilivunja baraza la jiji mwaka 1983 na kuweka tume, mpaka uchaguzi wa 1992. Ukikosa diwani, unakosa wa kumlalamikia kuhusu maji. Unakosa pia wa kumhonga, wangesema wengine, ila tume nayo haikuwa ya malaika.

Mwaka 1990 uupe muda wake. Mei, askari wa jiji walivamia Muoroto, kijiji cha vibanda karibu na stendi ya mabasi ya mashambani, wakabomoa makao na biashara, na vurugu zikazuka. Wiki chache kabla, Kenneth Matiba, waziri wa zamani, na Charles Rubia walikuwa wametangaza kwamba wanataka vyama vingi. Rubia hakuwa mgeni: meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, 1962, kisha mbunge wa Starehe, aliyepoteza kiti katika kura ya mlolongo ya 1988, ambapo wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea kama wanaongojea maziwa, na mstari mfupi ukatangazwa mrefu. Waliitisha mkutano Kamukunji Julai 7, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba. Walikamatwa tarehe 4. Watu walikwenda hata hivyo. Walikwenda akina Matiba wasiokuwa na mali na akina Rubia wasiokuwa na gari: wachuuzi, makanga, mafundi, vijana waliobomolewa Mei. Kanda za nyimbo kuhusu Muoroto na Saba Saba zikauzwa kichinichini na kuchezwa kwenye matatu, wauzaji wakakamatwa.

Sasa angalia hesabu. Desemba 1989 serikali, kwa shinikizo la wakopeshaji, ilikuwa imeanza kutoza ada ya wagonjwa katika hospitali za umma. Septemba 1990, miezi miwili baada ya Saba Saba, ada ya wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani ikasimamishwa. Ilirudi baadaye. Novemba 1991 wapinzani wa FORD walijaribu tena Kamukunji wakazuiwa, na siku chache baadaye wafadhili waliokutana Paris wakazuia misaada mipya kwa miezi sita. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982, kikafutwa. Januari 1992 FORD wakaujaza uwanja kihalali. Wengine husema ni Paris iliyoleta vyama vingi, wengine Kamukunji. Mimi nasema Paris ilisaini tu hati ambayo Kamukunji ilikwisha iandika.

Je, wajua kwamba noti ya shilingi 500 iliwahi kuitwa Jirongo? Kampeni ya KANU ya 1992 ilimwaga pesa kupitia vijana wa YK’92, kiongozi wao akiwa Cyrus Jirongo. Hazina nayo ilikuwa ikivuja kupitia Goldenberg, kampuni iliyolipwa ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwepo. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Aliyepokea Jirongo Desemba aliirudisha dukani kufikia Pasaka, kwa unga kidogo kuliko zamani.

Na tume ya Ndung’u iliripoti 2004 kwamba unyakuzi wa ardhi ya umma ulipamba moto kila uchaguzi ulipokaribia, 1992, 1997 na 2002. Kiwanja cha kuchezea mpira cha mtaa wako, kilichogeuka ghorofa, huenda kilikuwa kadi ya kampeni.

Je, wajua kwamba Eastleigh ilikuwa mtaa wa Wahindi? Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wasiokuwa raia, na maelfu ya Waasia wakaondoka Kenya. Waafrika wakanunua nyumba. Kisha serikali ya Somalia ikaanguka Januari 1991, wakimbizi wakafika na kupanga vyumba katika nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Chumba kilikuwa cha kulala usiku, duka mchana. Muda si muda kila mlango ulikuwa duka, na lojing’i ikawa mama wa maduka makubwa yote ya mtaa. Uwanja wa ndege wa Eldoret, uliofunguliwa 1997 na kulaumiwa kuwa zawadi ya Moi kwa watu wake, ukawa njia mojawapo ya bidhaa za Dubai kufika Eastleigh. Aprili 2014 serikali iliwasomba wakazi kwa maelfu hadi uwanja wa Kasarani kwa jina la usalama. Maduka yalifungwa, na serikali ikagundua imejipiga mfukoni.

Je, wajua kwamba hela za CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, zilimwonea mtu wa Embakasi? Sheria ya 2003 iligawa robo tatu za fedha sawa kwa sawa kwa maeneobunge yote. Sensa ya 2009 ilipata zaidi ya watu 900,000 Embakasi na wasiozidi 20,000 Lamu Mashariki. Kila mmoja eneobunge moja. Mtoto wa Kayole alipata chembe ya darasa. Mwaka 2012 Embakasi ikagawanywa kuwa maeneobunge matano, na wanasiasa wakagombania jina.

Je, wajua kwamba M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilipata imani ya wengi wakati wa vurugu za uchaguzi za Januari 2008? Waliofungiwa mitaani walitumiwa pesa na kadi za simu, benki zikiwa mbali.

Je, wajua kwamba Gikomba nusura ibadilishe kampeni ya 2022? Kule mtumba wa nguo hufunguliwa alfajiri, na wanaochagua mapema huchukua zile safi, zinazoitwa kamera. Waliobaki huchagua chini ya mwavuli hadi jioni. Raila Odinga alipozindua manifesto Juni aligusia kwamba nguo hizo ni za watu waliokufa, na ilibidi atoe maelezo. Mpinzani wake William Ruto alikuwa na nembo ya wilbaro, chombo cha Kamukunji, na kauli ya walala hoi. Ruto alishinda nchi kwa asilimia 50.49. Nairobi, wanakotengeneza wilbaro, ilimpa Raila kura nyingi zaidi. Novemba 30 mwaka huo Hazina ya Hustler ikazinduliwa, mikopo kuanzia shilingi 500.

Mkate nao. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka mkate ulipiwe VAT ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya kura, lakini vijana walikuwa wamesoma kurasa zilizobaki. Juni 25 waliingia bungeni. Juni 26 rais akakataa kutia saini.

Na angalia payslip yako. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliusema haramu Novemba 2023, bunge likauandikia sheria mpya Machi 2024. Kati ya maeneo yaliyopangiwa majengo mapya ni mitaa ya zamani ya Eastlands, ikiwemo Shauri Moyo na Makongeni, na mpangaji wa miaka arobaini anauliza swali lilelile la watu wa Pangani: nikihama, nitarudi kwa masharti ya nani? Muulize mgombea wako kabla ya Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi. Na kama unaishi Embakasi, hakikisha kwanza uko katika ipi kati ya zile tano, usije ukapanga foleni ya saa nne kwenye kituo kisicho chako.